Biti na Baiti: Mwongozo wa Hesabu ya Sifuri na Moja kwa Mtumiaji wa Simu na Kompyuta

Kila kilichomo ndani ya simu au kompyuta kimeandikwa kwa alama mbili tu, 0 na 1. Jina la mteja kwenye daftari la wakala, picha ya sangara iliyopigwa mwaloni, wimbo, salio, namba ya kitambulisho: vyote ni misururu ya sifuri na moja. Alama moja ya namna hiyo huitwa biti. Biti nane zikipangwa pamoja hufanya baiti moja.

Mwongozo huu unaeleza namna hesabu hiyo inavyofanya kazi, kisha unaonyesha mahali inapomgusa mtumiaji wa kawaida: meseji inayokata salio mara tatu, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) inayoharibika ndani ya jedwali, flashi inayokataa video ilhali ina nafasi. Matatizo hayo yana chanzo kimoja. Kila taarifa hutengewa idadi maalumu ya biti, na idadi hiyo ikijaa, taarifa hukatwa, hugeuzwa au hukataliwa.

Kwa nini alama mbili na si kumi

Ndani ya kompyuta kuna mamilioni, na katika mashine za leo mabilioni, ya swichi ndogo ziitwazo transista. Swichi ya namna hiyo hutambua hali mbili bila shida: umeme upo au haupo. Kuilazimisha itofautishe viwango kumi vya umeme kunawezekana, lakini msukosuko mdogo wa umeme au joto ungeifanya isome 6 mahali pa 7. Zikiwa hali mbili, umeme unaweza kupungua kidogo na bado "upo" ukabaki "upo". Diski ya sumaku hutumia mwelekeo wa sumaku, na kadi ya kumbukumbu hutumia chaji iliyonaswa ndani ya vyumba vidogo mno.

Alama mbili zinatosha kusema mambo mengi, mradi ziwe nyingi kwa pamoja. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huvua usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Chukulia taa zimepangwa mstari mmoja, na mtu aliyesimama ufukweni Kamanga, kwenye kivuko cha ziwa hilo, anaweza kuona jambo moja tu kwa kila taa: inawaka au imezimwa. Taa moja inaweza kumpa ishara 2 tofauti. Taa mbili, ishara 4. Tatu, 8. Kila taa inayoongezwa huzidisha idadi ya ishara mara mbili, hivyo taa nane hutoa ishara 256. Ndiyo maana baiti moja inaweza kubeba namba yoyote kuanzia 0 hadi 255, na haivuki hapo.

Kusoma na kuandika namba za kizio cha mbili

Katika hesabu ya kawaida, yaani kizio cha kumi, kila nafasi kuelekea kushoto ina thamani mara kumi ya nafasi iliyotangulia: moja, kumi, mia, elfu. Katika kizio cha mbili kila nafasi ina thamani mara mbili ya iliyotangulia.

> Thamani za nafasi katika baiti moja
> 128 – 64 – 32 – 16 – 8 – 4 – 2 – 1

Kusoma namba ya kizio cha mbili ni kujumlisha thamani za nafasi zenye 1 peke yake. Kwa mfano, 11100 ni 16 + 8 + 4, yaani 28. Hiyo ndiyo namba inayotambulisha eneo la Mwanza katika simu za mezani, 028.

Kugeuza namba ya kawaida kuwa ya kizio cha mbili:

1. Gawanya namba kwa 2. Andika jibu, na pembeni andika baki: 0 au 1.
2. Gawanya jibu hilo kwa 2 tena, uandike baki lake.
3. Endelea hadi jibu liwe 0.
4. Soma mabaki kuanzia la mwisho kwenda la kwanza.

Kwa 28: 14 baki 0, 7 baki 0, 3 baki 1, 1 baki 1, 0 baki 1. Yakisomwa kutoka chini kwenda juu, mabaki ni 11100. Kosa la kawaida ni kuyasoma kutoka juu kwenda chini, na hapo 28 hugeuka 00111, yaani 7. Jumlisha thamani za nafasi kila mara ili kuhakiki.

Namba kubwa hufuata njia hiyohiyo. MV Mwanza, meli iliyoundwa katika jiji la Mwanza kubeba abiria 1,200, ingehitaji biti 11 kuandika idadi hiyo: 10010110000, yaani 1,024 + 128 + 32 + 16. Kihesabio cha abiria chenye baiti moja kingefika 255, na abiria wa 256 angekirudisha kwenye 0. Hakingetoa onyo lolote. Kingeendelea kuhesabu kana kwamba meli ilikuwa tupu.

Msimbo wa simu wa Tanzania, 255, ni mfano ambao kila Mtanzania anaubeba bila kujua. Ukiandikwa kwa kizio cha mbili ni 11111111, taa zote nane zikiwaka. Kenya, 254, ni 11111110. Uganda, 256, haiingii tena kwenye baiti moja: ni 100000000, biti tisa. Mwanafunzi anayetaka kukumbuka mpaka wa baiti ulipo hana haja ya kukariri jedwali; mpaka wa Tanzania na Uganda unamtosha.

Herufi nazo ni namba

Kompyuta haijui herufi. Kila herufi imepewa namba kwa makubaliano, na makubaliano yaliyoenea zaidi kwa alfabeti inayotumiwa na Kiswahili yalichapishwa Marekani mwaka 1963 kwa jina ASCII. Neno Kamanga huhifadhiwa hivi:

| Herufi | Namba | Biti nane |
|---|---|---|
| K | 75 | 01001011 |
| a | 97 | 01100001 |
| m | 109 | 01101101 |
| a | 97 | 01100001 |
| n | 110 | 01101110 |
| g | 103 | 01100111 |
| a | 97 | 01100001 |

Jumla ni baiti 7, au biti 56. K kubwa ni 75 na k ndogo ni 107. Kwa mashine, hizo ni alama mbili tofauti. Kwa sababu hiyo nywila iliyowekwa kama "Kamanga" hukataliwa ikiandikwa "kamanga". Kabla ya kuomba nywila mpya, angalia kama simu imejiandikia herufi kubwa mwanzoni au imeongeza nafasi tupu mwishoni. Nafasi tupu nayo ni alama, namba yake ni 32.

Meseji: herufi 160, au 70

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha bila kujua, hasa vikundi vinavyotuma taarifa kwa wanachama wengi: vikoba, kamati za harusi, makanisa na misikiti, vikundi vya usimamizi wa mialo.

Meseji moja ya kawaida imetengewa baiti 140, yaani biti 1,120. Waliobuni mfumo huo waliona herufi zinazohitajika zaidi zinaweza kuandikwa kwa biti 7 badala ya 8. Gawanya 1,120 kwa 7, jibu ni 160. Kikomo maarufu cha herufi 160 kimetoka hapo.

Orodha hiyo ya biti 7 ina herufi zote za Kiswahili, tarakimu, alama za kawaida na kitone cha juu kilichonyooka, '. Haina emoji, wala haina kitone cha juu kilichopinda, ’. Ikikutana na alama moja tu isiyoijua, simu huacha biti 7 na kuandika ujumbe wote kwa baiti 2 kwa kila herufi. Baiti 140 zikigawanywa kwa 2, zinabaki nafasi 70.

Kwa Kiswahili jambo hili si dogo, kwa kuwa lugha yenyewe inahitaji kitone hicho katika ng'ombe, ng'ambo, ng'oa na kung'ara. Taarifa inayowaambia wanachama wa ng'ambo wavuke kwa pantoni ya asubuhi kutoka Kamanga ni meseji moja ikiwa kitone kimenyooka. Word na baadhi ya simu janja hukigeuza kitone hicho kiwe kilichopinda, bila mwandishi kuombwa ruhusa.

Ujumbe mrefu hukatwa vipande, na kila kipande hutumia baiti 6 kuieleza simu inayopokea namna ya kuviunga. Kwa hiyo kipande kimoja hubeba herufi 153, au 67 ikiwa kuna alama ya kigeni. Chukua taarifa ya herufi 150 inayotumwa kwa watu 400. Kwa kitone kilichonyooka ni meseji 400. Kwa kitone kilichopinda ni vipande vitatu kwa kila mtu, meseji 1,200, na maneno ni yaleyale.

Kabla ya kutuma taarifa kwa kundi:

1. Andika taarifa moja kwa moja kwenye sehemu ya kutuma meseji au kwenye Notepad. Usiinakili kutoka Word.
2. Tazama kihesabio kilicho pembeni ya kisanduku cha kuandikia. Kikianza kwa 160, hali ni nzuri. Kikishuka ghafla kuelekea 70, kuna alama ya kigeni ndani.
3. Futa na uandike upya vitone vyote vya juu, alama za kunukuu na mistari mirefu ya katikati ya sentensi.
4. Ondoa emoji. Moja kwa kawaida hula nafasi mbili, na huangusha kikomo cha ujumbe mzima.
5. Tuma kwa namba moja ya majaribio na uangalie salio limekatwa kiasi gani. Ndipo utume kwa wote.

> Tahadhari. Alama ya euro, mabano ya mraba na mabano ya mawimbi zimo katika mfumo wa biti 7, lakini kila moja huhesabiwa kama herufi mbili. Ujumbe wa herufi 160 wenye mabano ya mraba unavuka kikomo na kuwa meseji mbili.

Jedwali la Excel: namba ambazo si za kuhesabia

Namba ya simu na namba ya kitambulisho zimeandikwa kwa tarakimu, lakini hakuna anayezijumlisha. Ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Programu ya jedwali haitambui tofauti hiyo isipoambiwa. Huzichukua kama kiasi, huzigeuza kuwa kizio cha mbili, na hapo uharibifu huanza.

Namba ya simu inayoanza na 0 hupoteza sifuri hiyo, kwa sababu sifuri ya mbele haina thamani katika hesabu. Ikiandikwa kwa kuanza na 255, tarakimu zinakuwa 12, nayo Excel huionyesha kwa ufupisho unaoanza na 2.55 na kuishia na E+11. Hasara hizo mbili hurekebishika. Ya tatu haina tiba.

Excel huhifadhi kila namba kwa biti 64, na kati ya hizo 52 ndizo zinazobeba tarakimu zenyewe; zilizobaki hubeba alama ya chanya au hasi na ukubwa wa namba. Biti hizo 52 zinatosha kwa tarakimu 15 za uhakika. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ikiingizwa mfululizo bila vistari, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri papo hapo, faili huhifadhiwa, na namba halisi haimo tena ndani yake. Kubadili seli kuwa maandishi baadaye hakurudishi kitu. Katibu wa kikundi aliyeandikisha wanachama mia tatu kwa namna hiyo hana njia nyingine ila kuwaomba vitambulisho upya.

Hatua za kuzuia:

1. Chagua safu wima yote kabla ya kuandika chochote.
2. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Format Cells, kisha Text.
3. Andika namba mbili tatu, hifadhi faili, lifunge, lifungue tena na uzilinganishe na kitambulisho.
4. Kwa seli moja moja, tanguliza kitone cha juu ('). Hakitaonekana kwenye karatasi, lakini kitaiambia programu kuwa kinachofuata ni maandishi.
5. Unapofungua faili la CSV lililotoka mfumo mwingine, usilibofye mara mbili. Liingize kwa njia ya Data na uchague Text kwa safu za simu na vitambulisho.

Idadi ya mistari nayo ina kikomo cha biti. Faili la aina ya zamani, lenye jina linaloishia na .xls, lina mistari 65,536, ambayo ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 16. Aina iliyokuja na Excel ya mwaka 2007, .xlsx, ina mistari 1,048,576, yaani biti 20. Uingereza ilijifunza tofauti hiyo kwa gharama kubwa: kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, taarifa za wagonjwa 15,841 wa Uviko-19 ziliachwa nje ya takwimu kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa katika faili za .xls, na mistari iliyozidi ikadondoka. Waliokuwa wamekaa karibu na wagonjwa hao walichelewa kuambiwa.

Unapohamisha orodha ndefu, andika idadi ya mistari ya faili la awali na ya faili jipya, kisha uzilinganishe. Ikiwa orodha mpya imeishia mstari wa 65,536 kamili, sehemu imepotea.

Fedha na tarehe: kwa anayetengenezewa programu

Chama cha ushirika au duka linaloagiza programu ya mahesabu lina haki ya kumuuliza fundi swali moja: kiasi cha fedha kimetengewa biti ngapi?

Programu nyingi huhifadhi namba kwa biti 32. Moja kati ya hizo hutumika kuonyesha chanya au hasi, zinabaki 31, na namba kubwa kuliko zote inakuwa 2,147,483,647. Kwa dola ni kikomo cha mbali. Kwa shilingi kiko karibu: ni bilioni mbili na kidogo, kiasi ambacho mauzo ya pamba ya msimu mmoja yanaweza kukivuka. Shilingi moja ikizidi, mashine nyingi huandika hasi 2,147,483,648, na chama chenye akiba kinaonekana kina deni. Baadhi ya mafundi huhifadhi fedha kwa senti ili kukwepa desimali. Hapo kikomo kinashuka hadi shilingi milioni 21 na nusu hivi, ambayo ni mauzo ya duka la kawaida la jumla. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 kusini mwa Kamanga, liligharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Kuandika kiasi hicho kunahitaji biti 40. Mtake fundi atumie biti 64, na jaribu programu kwa kuingiza shilingi 3,000,000,000 kabla ya kuipokea.

Tarehe zina mtego wa namna hiyohiyo. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970. Ile inayotumia biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kisha itarudi mwaka 1901. Simu na kompyuta mpya tayari zinatumia biti 64. Vifaa vya kuangalia ni vile vinavyokaa miaka mingi bila kubadilishwa, kama mashine za kurekodi kamera za ulinzi.

Megabiti, megabaiti na flashi inayopungua

Kasi ya intaneti hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali mafaili na mabando hupimwa kwa megabaiti na gigabaiti. Baiti ni biti nane, kwa hiyo gawanya kasi kwa 8. Faili la megabaiti 60 kwenye kasi ya megabiti 4 kwa sekunde litachukua dakika 2 hivi, si sekunde 15.

Flashi iliyoandikwa GB 32 huonyesha 29.8 ikichomekwa kwenye kompyuta ya Windows. Muuzaji hajaiba. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huigawa kwa 1,073,741,824, ambayo ni 1,024 ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Flashi ya GB 64 itaonyesha 59.6. Ikionyesha pungufu sana ya hapo, au ikionyesha nafasi kubwa lakini mafaili yaliyowekwa mwishoni hayafunguki, inawezekana ni bandia. Jaza mafaili mpaka ijae na uyafungue yote kabla ya kuiamini.

Lililobaki ni video ya harusi inayokataliwa na flashi yenye nafasi tele. Flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32. Faili moja haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, karibu GB 4, hata flashi iwe ya GB 128.

1. Bofya kitufe cha kulia juu ya flashi, chagua Properties, na usome aina ya mfumo wake.
2. Ikiwa ni FAT32, nakili kila kilichomo kwenda mahali pengine. Hatua ya nne hufuta vyote.
3. Hakikisha mafaili uliyonakili yanafunguka.
4. Panga flashi upya kwa kuchagua Format, kisha exFAT.
5. Rudisha mafaili, kisha weka video.

Runinga na redio nyingi za zamani haziusomi mfumo wa exFAT. Ikiwa video itaonyeshwa kwenye kifaa cha namna hiyo, iache flashi ilivyo na umwombe mpiga picha aikate video katika sehemu zisizofika GB 4.